Mraba Ndani ya Duara la Zambarau

Kibandiko chenyewe kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho: duara la zambarau, na katikati yake mraba mweupe. Vilikuja vimebandikwa kwenye vichupa vya chanjo ya polio, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mganga mfawidhi wa zahanati yetu kule Uru alikigeuzageuza kichupa kimoja karibu na dirisha, akavua miwani, akaivaa tena, akasema sasa wazungu wameanza kutupambia dawa. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku mbili mjini Moshi. Nilikuwa najua kila kitu, na nilikuwa na haraka ya kumjulisha kila mtu kwamba najua.

Kule semina mkufunzi alikuwa ametuchorea ubaoni. Alisema ndani ya ule mraba kuna kitu ambacho chembe zake zimelala kwa safu, kila moja peke yake, na hazina rangi. Joto likizipata, zinaanza kushikana mikono. Zikishikana zinakuwa mnyororo mrefu, na mnyororo wa namna hiyo ndio wataalamu wanauita polima, ndugu yake na plastiki ya ndoo tunazochotea maji. Chembe moja moja huioni, lakini mnyororo una rangi. Joto likizidi, mikono inashikana zaidi na mraba unazidi kuiva. Siku mraba ukifanana na duara linaloulizunguka, chanjo imekufa, usimpe mtoto. Wala msijidanganye kuirudisha kwenye friji, alisema, kwa sababu baridi inachelewesha tu. Mikono iliyokwisha kushikana haiachani.

Niliuliza maswali mpaka wenzangu wakaanza kukohoa, maana wali ulikuwa unapoa. Walidhani najipendekeza. Hawakujua kwamba kemia lilikuwa ndilo somo lililoniumiza roho. Nikiwa sekondari niliipenda kama wenzangu walivyopenda muziki, katika maabara isiyokuwa na kitu zaidi ya chupa tatu na harufu ya zamani. Mwaka niliomaliza kidato cha nne bei ya kahawa haikufika popote, na nafasi ya kuendelea kusoma ikaenda kwa kaka yangu, ambaye kusoma kwenyewe alikuwa hakutaki. Mimi nikapelekwa unesi. Sikulalamika, ila kwa miaka mingi nilipokuwa napita karibu na shule yoyote yenye maabara nilikuwa natazama upande mwingine. Halafu siku moja, nikiwa mtu mzima, mtu akanionyesha kwamba kemia ile ile ilikuwa imekuja kunitafuta mwenyewe, imekaa juu ya kichupa.

Kabla ya hapo tulikuwa tunabahatisha. Friji letu lilikuwa la mafuta ya taa, lenye utambi uliokuwa ukinuna kila upepo ukibadilika. Asubuhi na jioni niliandika kipimajoto kinasema nini kwenye daftari. Lakini mafuta yakikuishia Jumapili, Jumatatu hujui kama unachomdondoshea mtoto mdomoni ni dawa au ni maji tu. Ulikuwa na njia mbili: kutupa kila kitu, au kufumba macho na kuendelea. Nimezifanya zote mbili, na ile ya pili bado inanikosesha raha nikiwaona watu wazima wa rika fulani wanatembea vizuri barabarani. Nashukuru wanatembea, lakini sina uhakika kama ni kwa sababu yangu.

Ndiyo maana nilikipenda kile kibandiko kuliko inavyofaa kupenda kitu kisicho na roho. Hakikuwa na aibu wala upendeleo. Hukuhitaji kumuuliza dereva kama alisimama Kiboriloni kununua vitu vyake huku boksi linapigwa jua. Ulikuwa unatazama mraba tu. Mganga mfawidhi alipoelewa, naye akakipenda, ila yeye alikipenda kwa sababu kilimpa kitu cha kugombeza watu. Mimi nilijifunza kugombeza kutoka kwake. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa mpole.

Mara moja kwa mwezi tulikuwa na kliniki ya mkoba, yaani nilikuwa napanda na boksi la chanjo mgongoni kuwafuata kina mama wa juu ambao zahanati ilikuwa mbali nao. Kituo chenyewe kilikuwa nyumbani kwetu, kwa mama yangu. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na mama alibaki peke yake kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, na ng'ombe mmoja, migomba, na kahawa ambayo miaka ile watu waliipita bila kuiangalia usoni. Nilipomwomba baraza lake liwe kliniki, alikubali kabla sijamaliza kusema. Siku ya kliniki alikuwa anafagia tangu alfajiri, anatoa benchi, anaazima viti, na anapika mtori, supu nzito ya ndizi, wa kuwatosha wanaonyonyesha wote. Wengine, naamini, walikuja kwa ajili ya mtori, na watoto wao wakapata chanjo kwa bahati.

Mama alikuwa na Kiswahili cha aina mbili tu. Kimoja kilikuwa cha kanisani, ambacho alikijua kwa moyo bila kujali kila neno linasema nini. Kingine kilikuwa cha sokoni Kiboriloni, cha kuuza ndizi na kupatana bei ya chumvi na nguo za mitumba. Mambo mengine yote ya dunia hii, kuanzia mvua mpaka kifo, alikuwa anayasema kwa Kichagga. Na kwa Kichagga mama yangu alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa mchokozi. Aliiga mwendo wangu ninavyotembea nikiwa na gauni jeupe, mguu mmoja mmoja, kama kuku aliyekanyaga matope. Aliniita mae, yaani mama, kama wamama wa kwetu wanavyowaita binti zao wanapowapenda au wanapotaka kuwatuma. Akinisimulia habari ya jirani aliigiza sauti zote, pamoja na ya mbwa. Nimekaa Moshi mjini, nimekaa Dar es Salaam, nimesikiliza wazungumzaji wengi wenye sifa, na sijawahi kukutana na mtu aliyezungumza vizuri kuliko mama yangu jikoni kwake. Ningetoa chochote nilicho nacho kusikia tena nusu saa ya mazungumzo yale, hata kama yangekuwa ya kunigombeza.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mwezi wa saba. Wanaoijua Uru wanajua baridi ya mwezi wa saba: ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, manyunyu hayanyeshi wala hayaachi, na mlima wenyewe hauuoni wiki nzima. Nilifika nyumbani asubuhi nikiwa nimelowa. Kwenye benchi hapakuwa na mtu. Mama aliniambia wengi wameogopa kutoka na vichanga katika hali ile, na kwamba nisipowafuata hawatakuja. Basi nikaliacha boksi kwake, nikakunywa uji nikiwa nimesimama, nikapanda kuvuka mfongo, ule mfereji wa maji unaopita juu ya vihamba vyetu, kwenda kubisha mlango mmoja mmoja.

Nilichukua kama saa mbili, labda na zaidi kidogo. Sikumwambia asifungue boksi. Haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kulifungua.

Sasa, kwetu mwanamke akijifungua anawekwa ndani, karibu na moto, miezi kama mitatu. Hafanyi kazi. Anakula vya mafuta na vya moto. Mtoto naye hapewi kitu cha baridi hata kidogo. Hata mkono wa mgeni unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu kabla haujamgusa. Mama alikuwa amelea hivyo watoto wake, na alikuwa amewatunza wazazi wa ukoo mzima hivyo hivyo, na watu walikuwa wanamsifu kwa hilo. Basi nilipoondoka, alifungua boksi ili ahakikishe kwamba kila kitu kiko sawa, akakuta vichupa vimezungukwa na barafu. Aliwaza juu ya barafu ile ikishuka kwenye koo la kitoto cha wiki sita, asubuhi kama ile. Akavitoa vichupa vyote, akavifuta kwa kanga, akavipanga ndani ya kikombe cha bati, na kikombe akakizika mpaka kwenye kishikio ndani ya majivu ya moto pembeni ya mafiga. Ndivyo alivyokuwa akitupashia maziwa sisi. Kisha akafunga boksi vizuri.

Niliporudi na wanawake niliowakusanya, baraza lilikuwa limeanza kujaa. Mama alikuwa anapita kati yao akiwaambia kwa Kichagga kwamba leo watoto hawatalia, dawa imepashwa. Alikuwa na furaha sana. Akaniletea kile kikombe kwa mikono miwili.

Nilitoa kichupa cha kwanza, nikakifuta majivu. Mraba ulikuwa umekwisha. Sikuweza kuutofautisha na duara lake. Nikatoa cha pili, cha tatu, vyote. Vingine mraba ulikuwa mweusi kuliko duara. Kwa joto la kawaida la nyumba ingechukua siku kadhaa kufika pale. Majivu ya mama yalikuwa yamemaliza kazi kwa asubuhi moja.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifungua mdomo kwa Kiswahili. Sikupanga. Nadhani mambo yote ya dawa yalikuwa yanakaa kichwani mwangu kwa Kiswahili: semina, daftari, fomu, sauti ya mganga mfawidhi. Kwa hiyo hasira ilipokuja, ilikuja imevaa nguo za kazini. Nilisema, na nilisema kwa sauti:

"Nani amekuruhusu kugusa dawa ya serikali? Umeua chanjo yote. Watoto wote hawa wanarudi bila kinga, na ni kwa sababu yako."

Kati ya wanawake waliokuwepo alikuwapo jirani yetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyekuwa amemleta mjukuu wake. Nakumbuka alivyoinamisha kichwa akajifanya anamfunga mtoto kofia. Kwetu mtu wa ofisini ndiye anayemsemesha mtu wa shambani kwa Kiswahili, tena cha ukali, na mtu wa shambani anaangalia chini. Tulikuwa tumeyaona hayo kwa mabwana shamba, kwa makarani, kwa kila aliyekuja na kalamu. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona mtu akimfanyia hivyo mama yake mzazi, barazani kwake.

Mama alifuta mikono kwenye kanga. Nilimwona anatafuta maneno, anayaokota moja moja.

"Samahani, nesi," alisema kwa Kiswahili. "Sikujua. Sitarudia."

Nikafanya kazi yangu. Niliwaeleza wanawake waje zahanati siku nyingine, nikavifunga vile vichupa kwenye mfuko ili nivirudishe, maana kila kichupa kilichoharibika kilitakiwa kuandikwa. Wanawake walikula mtori wao harakaharaka wakaondoka. Jioni, kwenye fomu, mahali palipouliza sababu, niliandika: viliwekwa motoni na mwenye nyumba. Sikuandika mama yangu. Mganga mfawidhi alisoma, akanisifu kwa msimamo, na nikafurahi kusifiwa. Ndivyo nilivyokuwa.

Sikulala na hatia, kama mtakavyodhani. Nilijiambia nilikuwa na haki, na kwa habari ya chanjo nilikuwa nayo. Matone yale yangekuwa maji tu, na kina mama wangeondoka wakidhani watoto wao wana kinga. Kibandiko kiliniokoa nisifanye kosa kubwa. Mpaka leo ningevitupa vile vichupa.

Mwezi uliofuata nilipanda tena. Mama alikuwa mlangoni. Akasema, "Karibu, nesi. Pita ndani. Habari za kazi?"

Nikadhani ananitania. Mama kunitania kulikuwa jambo la kawaida, nikacheka kidogo, nikasubiri aendelee kwa Kichagga. Hakuendelea. Aliniuliza kwa Kiswahili kama nimekula. Aliniambia kwa Kiswahili kwamba ng'ombe amezaa. Alivyokuwa anasema, alikuwa anatazama juu kidogo, kama mtu anayesoma kitu kilichobandikwa ukutani. Ng'ombe akazubaa mlangoni, na mama akamfukuza kwa Kichagga, kisha akanigeukia na Kiswahili chake. Wivu wa kumwonea ng'ombe sikuwa nimeujua kabla ya siku ile.

Mimi nilimjibu kwa Kiswahili. Hili nalo lazima nilieleze, kwa sababu mtu wa mahali pengine atauliza kwa nini nisianze tu kuongea Kichagga. Nyumbani kwetu mzazi akikusemesha kwa lugha fulani, unamjibu kwa lugha hiyo hiyo. Tulipoanza shule tukarudi na Kiswahili chetu cha kujivuna, tukamjibu bibi kwacho, tulichapwa. Kumjibu mkubwa kwa lugha nyingine ilikuwa ni kumwambia maneno yake hayatoshi. Basi nilijua sheria. Yeye ndiye aliyebadilisha, yeye ndiye wa kurudisha. Na tusidanganyane, kulikuwa na kiburi pia. Nilijiambia ananiadhibu, nami sitaonyesha kwamba adhabu inauma.

Kliniki niliihamishia kwenye darasa la shule. Mganga mfawidhi alisema nyumba ya mtu binafsi si mahali salama kwa mnyororo baridi, yaani kuitunza chanjo kwenye baridi tangu kiwandani mpaka kwa mtoto, na sikumpinga. Kwa mama nikawa napita baada ya kazi, nakaa kidogo, naondoka.

Krismasi ya mwaka ule watu walirudi nyumbani kama kawaida yetu, kutoka Dar, kutoka Arusha, kutoka kila wanakouza kitu. Uani palikuwa na mbuzi na pombe ya mbege, na Kichagga kilikuwa kinapigwa kwa kelele kutoka kila kona. Mama alikuwa katikati, anaigiza, watu wanashika mbavu. Nilisogea niketi karibu. Aliponiona akakata hadithi, akavuta kigoda, akasema, "Keti hapa, nesi." Kisha akamalizia hadithi yake kwa Kiswahili kwa ajili yangu, na hadithi ikafa mikononi mwake. Wote waliiona inakufa. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya zizi, nikalia nikiwa mtu mzima mwenye cheti.

Mwaka mpya ulipoanza nikapiga moyo konde. Kwetu ukimkosea mtu unamwendea na jani la isale, ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Mtu akiletewa jani la isale na kuombwa msamaha, hana ruhusa ya kukataa, hata kama umemchinjia ng'ombe wake. Nilikata jani kwenye mpaka wetu, nikalishika kwa mikono miwili, nikaingia. Maneno nilikuwa nimeyaandaa kwa Kichagga njia nzima. Lakini mama aliinua kichwa, akasema, "Karibu, nesi, shida gani?" na mdomo wangu, kwa ile sheria yetu na kwa woga, ukajibu kwa Kiswahili. Nilimwambia naomba anisamehe kwa siku ile ya chanjo. Nikasema nilikosa adabu mbele ya watu.

Alilipokea jani. "Asante sana," akasema. "Nimepokea. Mimi sina neno na wewe. Ulikuwa kazini."

Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Nilikuwa nimetumia kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo ukoo wetu unavyo, na hakikurudisha hata neno moja la Kichagga.

Miaka ikaenda. Nilihamishiwa mjini, nikafanywa mkufunzi wa mambo ya mnyororo baridi, na mimi ndiye niliyekuwa nachora ubaoni zile chembe zinazoshikana mikono. Nilikuwa mzuri kwenye kazi hiyo. Kila semina kulikuwa na mtu mmoja, mara nyingi aliyekaa nyuma, aliyeuliza kama mraba ukishaiva hauwezi kurudi ukiuweka kwenye barafu ya kutosha, hata kidogo, hata kwa muda mrefu. Nilikuwa namjibu kama nilivyojibiwa. Baada ya kujibu nilikuwa nahitaji kunywa maji.

Wakati fulani tulipokea kasha la vifaa vya msaada, na ndani yake mlikuwa na vipande vya plastiki laini vya kupimia homa kwenye paji la uso. Unakiweka, namba zinang'aa kijani au bluu kufuatana na joto la mtoto. Unakiondoa, rangi inapotea, kinakuwa cheusi tena, tayari kwa mtoto mwingine. Nilikaa na kimoja ofisini kama mjinga, nakipumulia, nakitazama kikipata rangi, nakiacha kikisahau. Nilisoma kwenye jarida moja lililokuwa limesahaulika semina kwamba kuna maabara za nchi za mbali zinazotengeneza plastiki na utomvu wa kila namna: unaobadilika rangi kwa joto, kwa unyevu, kwa sukari iliyomo kwenye machozi, kisha ukarudi ulivyokuwa. Nilitamani kufanya kazi huko, kwa tamaa ile ile ya kidato cha nne. Sipendi kufananisha watu na vibandiko, lakini usiku wa kuamkia safari za nyumbani nilikuwa najua kabisa mama yangu yuko upande gani.

Kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kinaongezeka. Hilo ndilo lililonikata maini kuliko yote. Mtu akiwa na hasira hupoa, neno la nyumbani likamponyoka. Mama hakuponyokwa. Kila nilipokwenda nilikuta maneno mapya. Siku moja alisema "hata hivyo". Siku nyingine akasema "ninapendekeza". Mara akaniuliza, akiwa amesimama wima na sufuria mkononi, kama nimeridhika na mazingira ya kazi. Nilikuwa napokea maneno hayo kama mawe mapya kwenye ukuta. Nilijiambia mwanamke huyu, katika umri wake, anajisumbua hivi kwa ajili tu ya kunifungia nje vizuri zaidi. Nilimjibu kwa kifupi, na ziara zangu zikapungua. Nilisingizia kazi, na kazi kweli ilikuwepo.

Alifariki ghafla, mwaka ambao barabara ya kwetu ilikuwa inachongwa. Alianguka kwenye migomba asubuhi, akaokotwa mchana. Hakukuwa na kitanda cha hospitali wala maneno ya mwisho. Nilifika amekwisha kufunikwa.

Siku ya pili baada ya mazishi tulikuwa tunaosha vyombo uani, wanawake wengi, na yule jirani mwalimu mstaafu alikuwa ameketi karibu nami akisugua sufuria kwa majivu. Alikuwa amezeeka. Alinipa pole kwa mara ya kumi, kisha akasema nimekosa mama na yeye amekosa mwanafunzi.

Nilimuuliza mwanafunzi gani.

Akashangaa kwamba sijui. Akaniambia mama alikuwa anakuja kwake kila Jumamosi alasiri, miaka yote ile, na kichane cha ndizi kama ada, kujifunza Kiswahili. Alianza wiki ile ile ya chanjo. Alimwambia mwalimu kwamba siku ile barazani alitambua jambo: kazi ya mwanawe ni ya Kiswahili, na yeye alikuwa amemwaibisha mbele ya watu kwa kuwa mama wa shambani asiyejua kitu, hata kusoma alama kwenye kichupa. Hakutaka mwanawe aone aibu hiyo tena. Kila nilipotuma salamu kwamba nakuja, alikuwa anakwenda mara mbili kwa wiki, akauliza nesi anaulizwaje habari za kazi yake, na mgeni wa heshima anakaribishwaje, akarudia sentensi njiani mpaka nyumbani.

Nilikuwa nimeshika kikombe ndani ya maji, sikukumbuka kukitoa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Alinikataza," akasema. "Alitaka ulione mwenyewe."

Nikamuuliza swali lililonikaa kooni miaka yote ile, kama mama alikuwa na hasira nami.

Mwalimu aliacha kusugua. Alinijibu kwa Kichagga, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto wa darasa la kwanza. Hasira ya nini, alisema. Kila Jumamosi ukiwa umepita alikuwa anakuja kunipa habari ya ziara yako, umekula nini, umekaa muda gani. Kisha anasema: leo pia hajaniambia kama nimefaulu.

Nimejaribu kukumbuka kama hata mara moja nilimwambia Kiswahili chake ni kizuri. Ninachokumbuka ni ziara yangu ya mwisho, nikiwa nimekwisha simama kuondoka. Alinisindikiza mpaka kwenye njia, akasimama, akajiweka sawa kanga, akasema sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia, bila kukosea popote: kwamba anashukuru nilivyotenga muda wangu katika shughuli zangu nyingi ili kuja kumjulia hali, na kwamba anatumaini Mungu atanirejesha tena salama. Akamaliza, akanitazama usoni, hakuondoka. Nikamwambia, "Sawa," nikatazama saa.